Kasha la Mama na Daftari la Majina

Majuma matatu nyuma niliandika hapa aya chache tu. Nilisema kwamba historia ya wanawake wa Mombasa, pamoja na ya wale ambao mji hupenda kuwasengenya bila kuwaandika, wapenzi wa jinsia moja na wenzao wote wa LGBTQ, inaliwa na mchwa makabatini huku sisi tukiwaonyesha wageni mizinga ya Fort Jesus. Barua zilizonijia ni nyingi kuliko nilivyotazamia. Za matusi nimezipeleka zinakostahili. Hizi nyingine nazijibu, si kwa uzito wake bali jinsi zilivyonikaa kichwani. Majina ya waulizaji nimeyaondoa, na mbele mtaona kwa nini.

Mama yetu amefariki mwezi uliopita. Ameacha kasha limejaa leso, picha na madaftari. Ndugu zangu wanataka leso zigawiwe na makaratasi yachomwe. Moyo wangu unakataa, lakini sijui hasa natetea nini. (Binti, Kisauni)

Pole sana, mwanangu, wewe na ndugu zako. Usigombane nao sasa. Kilio hakijapoa, na mwenye uchungu huchoma vitu ili apate kupumua. Waombe kasha likae kwako hadi arubaini ipite, kisha lifungue mchana, na shangazi mmoja awe pembeni yako.

Unachotetea ni maisha ya mwanamke ambaye pengine serikali haina habari zake zaidi ya vyeti vyenu vya kuzaliwa na cheti chake cha kifo.

Anza na leso. Kila leso ina jina, ule msemo wa chini, na wanawake wa hapa wamelitumia jina hilo kusema yale ambayo mdomo ungeleta vita: kwa mke mwenza, kwa wifi, kwa jirani, kwa mume mwenyewe. Ukiitazama peke yake ni kitambaa. Ukijua nani alimvalia nani, siku gani na kwa kisa gani, inakuwa barua. Wanaojua visa hivyo ni mashoga zake mama yako, yaani rafiki zake wa kike, na wao nao umri umekwenda, kwa hiyo waulize wao kwanza; karatasi zitakungoja. Tazama pia yale maandishi madogo. Ukisoma K.H.E. Mali ya Abdulla, hiyo ni ya Kaderdina Hajee Essak wa Mtaa wa Biashara, na wazee wa mtaa ule wana kumbukumbu kali ya mitindo: huenda wakakukadiria miaka kwa kuangalia mji wa leso tu, ile sehemu yake ya katikati.

Ukikuta picha ya wanawake ishirini wamevaa sare, usikimbilie kusema ni harusi. Huenda ikawa lelemama, ngoma ya akina mama. Vyama vya ngoma hiyo, kama Ibinaal Watan na mahasimu wao Banu Saada, vilikuwa na vyeo, michango, mashindano, na nyimbo za kuchambana zilizomfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kufanya la aibu. Baadaye, kufikia miaka ya 1950, wanawake walikuwa wakijikusanya katika vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyohangaikia elimu na ustawi, na uzoefu wa kuongoza watu na kushika pesa za wenzao walikuwa wameshaupata ngomani. Anayetafuta chimbuko la siasa za wanawake katika mji huu akaiona ngoma ni upuuzi, ameupita mlango anahangaika na dirisha.

Na daftari la mchango lisilo na neno zaidi ya "Bi Fulani, shilingi 5" usilidharau. Ndilo linaloonyesha nani aliaminiwa na pesa za nani.

Sasa kazi ya mikono. Toa pini, stepo na raba zote. Pini hushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, na raba huyeyuka ikagandia karatasi. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, kamwe si kwa biro. Leso usizikunje miaka kwa miaka, kitambaa hukatika kwenye mkunjo. Zizungushe kwenye bomba lililovikwa kitambaa cha amerikani kilichofuliwa bila sabuni ya manukato. Kasha lisikae sakafuni, wala ukutani kwa nje, wala juu chini ya mabati. Unyevu ukipita asilimia 65 kwa siku nyingi ukungu huota, na Mombasa hilo si jambo la kusubiri masika.

Kuhusu kugawa, mimi si mkali. Piga picha kila leso pamoja na jina lake, andika kisa chake, kisha nyingine zigawiwe. Leso ya mama ikivaliwa na bintiye nayo imehifadhika.

Tulikuwa na kikundi chetu cha vijana wa LGBTQ hapa mjini, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kimevunjika. Mimi nimebaki na daftari la mahudhurio: majina, nambari za simu, sahihi. Ni historia yetu au ni bomu? (Majengo)

Ni vyote viwili, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kumpa mtu.

Nikupe kisa. Mwishoni mwa Desemba 1977 polisi wa Toronto, Kanada, walivamia ofisi ya gazeti la wapenzi wa jinsia moja lililoitwa The Body Politic. Waliondoka na maboksi ya karatasi, na ndani yake mlikuwa na orodha ya waliojiandikisha kulipokea gazeti. Ofisi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imeanzisha makavazi yao mwaka 1973, makavazi ambayo hadi leo yapo na yanaheshimika. Kwa hiyo walinusurika. Lakini fikiria usiku wa mtu aliyejua jina lake limo ndani ya lile boksi.

Hapa kwetu mambo ni mazito zaidi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinatishia kifungo cha miaka 14 kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Na sheria siyo hatari pekee. Mwezi wa Februari 2010 kule Mtwapa, uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili ulitosha kukusanya umati uliovamia kituo cha afya na kuwapiga watu. Umati haukuhitaji orodha. Ungekuwa nayo je?

Ningefanya hivi. Nakili katika daftari jipya kila kitu kisichomtaja mtu: tarehe, mahali kwa ujumla, watu wangapi walikuja, mlizungumza nini, nani alileta chai, mlicheka nini, mliogopa nini. Mwanahistoria wa kesho atafurahi na hilo kuliko orodha ya nambari za simu zilizokufa. Kisha watafute wenye majina, mmoja mmoja, kwa mdomo, si kwa ujumbe. Anayetaka jina lake libaki, mwandikie masharti yake. Anayekataa, kata ukurasa wake. Usiyempata, mhesabu amekataa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka mwelekeo wa kimapenzi wa mtu katika data nyeti, basi hata kisheria huna ruhusa ya kuitembeza orodha hiyo kwa nia njema yako.

Ukibaki na majina machache, yape namba. Daftari likae kwako, ufunguo wa namba ukae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Na yale yaliyokatwa yachome wewe mwenyewe. Nimefanya kazi na karatasi kuukuu miaka mingi na neno "choma" halinitoki kirahisi. Lakini kuhifadhi ni kitu kimoja na kuanika ni kitu kingine, na asiyeweza kutofautisha hayo mawili asipewe kasha la mtu.

Haya mambo ya ushoga si yetu, yameletwa. Mbona unataka kuyatia katika historia ya mji wa watu wenye dini? (Mzee, Kibokoni)

Shikamoo, mzee wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu umeiandika bila kutukana, na hilo siku hizi ni adimu.

Sikuombi ubadili unachokiona halali na haramu. Lakini kuandika kwamba jambo lilikuwako si kulihalalisha. Vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa vina mlango mzima wa mirathi ya huntha, mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsia mbili. Masheikh waliona kuna watu wa namna hiyo, wakakaa chini wakawapigia hesabu ya fungu lao. Serikali yetu imekuja kuwahesabu katika sensa ya 2019: 1,524 nchi nzima.

Na maneno, mzee. "Shoga" ukilitafuta katika kamusi za zamani utakuta ni neno la mapenzi la mwanamke kwa rafiki yake wa kike, na mke wako nyumbani pengine bado analitumia hivyo. "Basha" ni mfalme katika karata. "Kusaga" ni kazi ya jiwe na nafaka. Watu hawakukaa wakayapa maneno haya maana ya pili kwa vitu visivyokuwako. Lugha haina muda huo. Kilichokuja na meli kwa hakika ni kifungu cha sheria: Mwingereza alituletea kwanza kanuni ya adhabu ya Wahindi, kisha mwaka 1930 akaiandikia koloni ya Kenya yake.

Kuna jambo moja nakuunga mkono. Kwa muda mrefu waliotuandika walikuwa wageni. Mwaka 1987 mtafiti Gill Shepherd alichapisha makala iliyoichukua Mombasa kuwa kielelezo, akayaeleza mapenzi ya jinsia moja kwa kipimo cha cheo na mali, na miaka ya 1990 Deborah Amory, mgeni vilevile, akayahoji maelezo hayo. Wageni wawili wanabishana juu ya mtaa wako. Hilo ndilo linaloniuma, na dawa yake ni waliohusika waseme wenyewe.

Nifanyie laminasheni picha za zamani zisiharibike? (Changamwe)

Hapana. Mimi niliipeleka picha ya pekee ya bibi yangu kwenye duka moja mjini, moto wa mashine ukalainisha uso wa picha, na tangu hapo bibi ana wingu kwenye shavu. Plastiki ile haitoki tena. Bahasha ya karatasi safi inatosha. Na selotepu pia usiikaribie.

Mimi ni mwanafunzi. Nataka kurekodi akina bibi wa Mji wa Kale na Likoni kuhusu maisha ya wanawake. Msimamizi wangu amenipa maswali 50. Niende nayo?

Nenda nayo, ukifika yaache kwenye mkoba.

Kitabu cha kukuongoza kipo, na ni cha hapahapa. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya simulizi za maisha za wanawake watatu wa Mombasa: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kwa Kiingereza kilitoka 1989, na kwa Kiswahili 1991, kikiitwa *Wanawake Watatu wa Kiswahili*. Mmoja ni wa ukoo wa waungwana, mwingine wa kizazi cha watumwa. Soma uone jinsi mji uleule unavyobadilika sura kulingana na nani aliyekuwa akiteka maji na nani aliyekuwa akiletewa. Maswali 50 hayawezi kukupa hilo. Kinacholeta hilo ni kukaa, kunywa kahawa, na kurudi kesho.

Mengine kwa haraka. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, unacho? Kitafute mapema. Rekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, si MP3, na mwanzoni taja tarehe na mahali. Zima feni, adhana iache ipite, nayo ni ushahidi wa saa na mtaa. Ukinakili, usimsanifishe: bibi akisema "ndoo" kwa maana ya njoo, andika "ndoo". Idhini iombe mara mbili, kabla ya mazungumzo na baada, maana kabla hajui atasema nini. Akikwambia zima mashine, hasa mkifika mambo ya unyago na kungwi, zima, na usijifanye umesahau.

Jambo gumu ni hili. Bibi anaweza kukuhadithia, kwa upendo kabisa, juu ya jirani yake wa zamani aliyekuwa akiishi na mwanamke mwenzake. Kisa hicho si cha bibi peke yake. Jirani ana watoto, ana wapwa. Sehemu hiyo ifunge hadi tarehe mtakayokubaliana, na jina litoe kwenye nakala ya kusomwa.

Tuna maboksi manne ya shirika letu la wanawake: ripoti, mabango ya maandamano, fulana. Tuyapeleke Nairobi, ng'ambo, au tukae nayo? (Tudor)

Dada zangu, msidharau kukaa nayo. Makavazi ya Lesbian Herstory, ya wanawake wapenzi wa jinsia moja, yalianzishwa New York mwaka 1974, yakawekwa ndani ya nyumba ya kupanga ya mmoja wa waanzilishi, watu wakipitia kwenye sebule yake, na yalikaa humo hadi miaka ya 1990; jengo lao la Brooklyn lilifunguliwa mwaka 1993. Karibu miaka 20 kwenye nyumba ya mtu! Kilichoyaweka hai ni zamu za watu, jengo likaja baadaye.

Makavazi ya Kitaifa yana kazi kubwa ya nyaraka za serikali, ambazo kwa kawaida hufunguliwa zikifika miaka 30, na hupokea pia za watu binafsi. Ripoti zenu zilizokwisha kuchapishwa zipelekeni huko bila wasiwasi. Kwa mambo ya LGBTQ, Afrika ina makavazi ya GALA, yaliyoanzishwa Johannesburg mwaka 1997, na hao wanajua kufunga kisichofaa kufunguliwa.

Kuhusu ng'ambo mimi nina kinyongo cha Mkenya. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, ndipo Uingereza ilipokiri kuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni yake, zetu zikiwemo, mahali panapoitwa Hanslope Park. Basi nakala ziende, asili zibaki. Ila nakala ya mbali ni lazima iwepo, maana boksi moja la Tudor ni bomba moja tu lililopasuka.

Na ahadi ya siri isiyo na mwanasheria nyuma yake msiiamini, hata ikitoka kwa chuo kikuu. Boston College ya Marekani ilirekodi wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini ikiwaahidi kwamba kanda hazitatoka wakiwa hai. Kuanzia mwaka 2011 polisi wakazidai kupitia mahakama, na baadhi zilitolewa. Mkataba uandikwe: nani mwenye mali, nini kimefungwa hadi lini, nani anaweza kukirudisha. Kilicho hatari kabisa kisitoke nyumbani.

Fulana zifueni kwanza. Jasho huita wadudu.

Hukumu ya mahakama ni nyaraka ya kuhifadhi, au ni ya wanasheria tu?

Ya kuhifadhi, na nina ninayoipenda kuliko zote. Wanaume wawili walikamatwa Ukunda mwaka 2015 wakalazimishwa kupimwa sehemu za siri ili ipatikane "ithibati" ya ushoga. Mahakama Kuu ya Mombasa ikaona hakuna kosa, 2016. Wakakata rufaa, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikiwa hapahapa Mombasa, ikasema vipimo hivyo vya kulazimishwa vimekiuka haki zao.

Angalia majina ya kesi: COI na GMN. Herufi tu. Inasomwa na wanasheria wa nchi nyingine, imebadilisha kinachoruhusiwa kufanyiwa mtu aliyekamatwa, na mimi na wewe hatuna haja ya kujua hao wawili ni watoto wa nani. Ichapeni, itieni kwenye boksi, pamoja na vipande vya magazeti vya wiki ile. Vya matusi pia.

Historia yetu sisi vijana yote iko WhatsApp. Inatosha? (Bamburi)

Haitoshi. WhatsApp hubana picha na kuivua tarehe yake, kwa hiyo zitumeni kama faili, si kama picha. Zile mnazotaka zisijulikane zilipigwa wapi, ondoeni mahali kabla, maana simu huandika. Wekeni nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja nje ya nyumba. Na siku moja kaeni mchague 50 za kuhifadhi kati ya 5,000. Asiyechagua huachia simu iliyoibwa Kongowea imchagulie.

Mimi na mwenzangu tumeishi pamoja miaka mingi. Majirani hutuita mashoga, kwa ile maana ya kale, nasi tumewaacha waite. Tumezeeka. Hatuna picha hata moja tukiwa wawili, tuliogopa. Je, tuna cha kuacha? (Mwanamke, hakusema anakotoka)

Dada yangu, barua hii niliiweka mwisho kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Risiti za kodi ya nyumba zipo? Zenye jina lako mwezi huu na lake mwezi ujao? Ziwekeni pamoja. Cheti cha hospitali ulichotia sahihi kwa niaba yake. Leso ya doti moja, kipande kimoja kwako na kimoja kwake; msizitenganishe. Kisha mmoja amhoji mwenzake, kwa simu au kwa kalamu, Kiswahili chenu cha ndani ya nyumba. Msianze na mambo makubwa. Nani aliamka kwanza. Nani alipika Ijumaa na nani alilalamika chumvi. Mlilala wapi usiku mwenye nyumba alipokuja na maswali. Mliwahi kuachana, mkarudianaje.

Majina mnaweza msiandike. Tarehe andikeni. Tieni vyote katika bahasha ya khaki, juu yake andikeni mwaka wa kufunguliwa, mwaka ambao hakuna atakayeumia.

Katika barua yako umemtaja mpwa wake anayewaletea samaki Jumamosi na hajawahi kuuliza swali. Msiniletee mimi hiyo bahasha. Mpeni yeye.